Gari Lililokuja Kupanga Chumba

Usiku wa kuamkia leo nimeota gari limekuja kupanga chumba kwetu.

Nieleze kwanza kwetu palivyo, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini ilikuwa shida. Tunakaa Kihonda, Morogoro, nyumba ya Bi Mwanahawa. Wapangaji watatu, uwanja mmoja, choo kimoja, luku moja. Luku ndiyo mita ya umeme, ile ambayo unanunua namba halafu unaziingiza kwa kubonyeza. Kila siku kabla ya kulala mimi ndiye nasoma uniti zilizobaki na kuziandika kwenye daftari, ili wapangaji wasigombane. Walinichagua wote kwa pamoja. Mama Tedi, jirani yetu anayeuza barafu za ubuyu, ndiye alianza. "Apewe Sikudhani," alisema. "Yule hata ukimkanyaga hasemi. Atampendelea nani?" Wakacheka. Ikapita hivyo.

Baba anaendesha teksi. Gari lake linalala stendi kwa mlinzi, kwa sababu geti letu ni la watu na toroli la maji tu, hata bajaji haiingii. Sasa wiki hii nzima baba kapagawa na gari la umeme. Kuna kijana wa mauzo anaitwa Leskari, shati lake halijawahi kuwa na mkunjo, kamwambia atoe gari lake la zamani, aongezee hela kidogo, achukue la umeme, aagane na petroli.

Hela kidogo maana yake mabati sitini na mbili. Ni mabati ya nyumba yetu ya Mkundi, ambayo ina kuta lakini juu ni mbingu. Mama ameyanunua mawili mawili kwa miaka minne kwa hela ya cherehani. Leo Jumamosi saa mbili asubuhi baba alikuwa anaenda kusaini, halafu mnunuzi aje kuyachukua.

Mimi tatizo nililiona tangu Jumanne. Nililiandika kwenye daftari la luku, ukurasa wa mwisho. Kumwambia baba ndiyo sikuweza. Nikimsogelea tu, sauti inarudi tumboni.

Ndivyo nilivyolala. Uniti zilikuwa thelathini na nane nukta sita.

Nasikia hodi. Natoka uani. Kuna gari jeupe, dogo, safi kama sahani ya wageni, limesimama nje ya geti.

"Geti halipitishi," namwambia. Kwenye ndoto naongea bila shida, lakini kidogo kidogo.

"Ngoja," likasema. Likageuka ubavu, likabana tumbo kama Mama Tedi anavyobana akipita na beseni, likaingia. Likashusha pumzi katikati ya uwanja.

"Shikamoo dada."

Nilishangaa, halafu nikapiga hesabu. Lilitengenezwa mwaka juzi. Mimi nina miaka kumi na sita. Nikaitikia, "Marahaba."

"Nimesikia hapa kuna chumba."

"Chumba hakuna."

"Basi hata soketi. Mimi sina makuu."

Kabla sijajibu, Bi Mwanahawa akatoka ndani ya pipa la maji. Hakuwa amelowa. Kwapani ameshika ule ubao wake wa masharti ambao huwa umepigiliwa karibu na choo. Akamwangalia mgeni kuanzia taa za mbele mpaka za nyuma.

"Una mke?"

"Hapana mama."

"Unapiga muziki?"

"Mimi hata injini sina. Napita, watu hawasikii."

"Huyu namtaka," Bi Mwanahawa akasema. "Miaka ishirini natafuta mpangaji asiyesikika." Akasoma ubao. "Mpangaji mmoja, soketi moja. Pasi marufuku. Luku inalipwa kwa vichwa. Zamu ya kufagia iheshimiwe. Kama umekubali, honi."

Gari likapiga honi ndogo ya adabu.

Hapo Mama Tedi akatoka chumbani, khanga moja kifuani na nyingine kichwani. "Simameni hapo hapo! Luku kwa vichwa, sawa. Huyu ana vichwa vingapi?"

"Kimoja," gari likasema. "Mimi ni mmoja."

Mama Tedi akafungua mlango wa dereva, akaingiza shingo, akaanza kuhesabu vile vichwa vya juu ya viti. "Kimoja, viwili, na huko nyuma vitatu. Vichwa vitano! Alipe ya watu watano."

"Mama, hivyo ni vya kuegemea tu."

"Hata mume wangu kichwa chake ni cha kuegemea tu, na kila mwezi namlipia!"

Wapangaji wote wakasema ni kweli. Mume wa Mama Tedi naye akasema ni kweli. Gari likaandikwa vichwa vitano. Nililiandika mimi kwenye daftari, chini ya jina letu.

Likasogea karibu yangu likanong'ona, "Zamu ya kufagia kesho ni ya nani?"

"Yangu."

"Nitakufagilia mimi. Nataka watu wanizoee." Likachukua ufagio wa chelewa kwa waipa ya kioo cha mbele, likajaribu mara mbili, kushoto, kulia. Halikuwa baya.

Halafu likachomeka waya wake ukutani.

Luku ikafungua macho. Sikujua kama ina macho. "Nani huyo anayekunywa bila kupumua?" ikauliza.

"Mpangaji mpya," nikasema.

"Thelathini na saba. Thelathini na tano. Thelathini na moja. Jamani! Sikudhani, andika, andika haraka, nakwisha!"

Naandika, kalamu inatoa moshi. Taa za vyumbani zinakuwa nyekundu kama moto wa sigara. Friza la Mama Tedi linakohoa, mlango unafunguka wenyewe, na barafu za ubuyu zinatoka moja moja zimejifunga taulo, zinauliza bafuni ni wapi. Mama Tedi anazikimbiza na sufuria. "Rudini! Za Jumatatu hizo! Mmeshalipiwa na watoto wa shule!"

"Kumi na tatu," inasema luku. "Sikia we mgeni, sikuchukii. Lakini mimi ni luku ya taa sita, redio mbili na friza moja bovu. Uniti ambazo nyumba hii inatumia wiki nzima, wewe unazimaliza usiku mmoja."

Gari likachomoa waya. Lilikuwa limeona aibu, taa zake za pembeni zinawaka zinazima. "Lakini mimi si ghali kulisha," likasema taratibu. "Uniti hizo natembea nazo kutwa, kwa hela ambayo petroli ingeimaliza kabla ya chai ya saa nne. Sinywi oili. Sibadilishi plagi. Mimi ni ghali kununua, basi. Na nataka pa kulala penye mita yake."

"Kwa hiyo huongopi," nikasema.

"Siongopi dada. Naletwa tu kwa watu ambao bado hawajaezeka."

Nikataka kulijibu, lakini uwanja haukuwa uwanja tena.

Ni kituo cha kuchajia. Kipo kimoja, na foleni yake ni kama ile ya bombani siku maji yakitoka. Kila mwenye gari ameweka kitu kushika nafasi: rimu, ndoo, kigoda, mmoja kaweka mama mkwe. Watu wanasonga ugali. Kuna mtu anaotesha mchicha.

Baba yupo, namba mia mbili na kumi na nne. Yumo ndani ya lile gari jeupe, na kiti cha nyuma kuna abiria mwenye suti na ua kifuani.

"Suka," abiria anamwambia dereva wake, "tutafika saa ngapi?"

"Sasa hivi mzee. Tumeshafika asilimia ishirini na moja."

"Maana nilipopanda nilikuwa naenda kuoa."

"Najua."

"Sasa naenda kumwozesha binti."

"Hongera sana," baba akasema, na alimaanisha. "Ila nauli ni ile ile tuliyopatana. Mimi sipandishi."

Namsogelea baba nimwambie. Nafungua mdomo. Kwenye paji la uso wangu kunawaka taa ndogo nyekundu, na mama mkwe aliyewekwa kwenye foleni akanisomea. "Binti, sauti yako ina asilimia moja. Usiiguse. Ukisema hata 'baba' inazima."

Nikafumba mdomo. Nikaanza kulia, lakini machozi nayo yalikuwa kwenye foleni.

Nikifuta macho niko Mkundi, ndani ya nyumba yetu. Kuta nne, juu nyota. Mabati sitini na mbili yamesimama mstari sebuleni, kila moja limeshika begi dogo la safari. Yalipoongea yaliongea yote kwa pamoja, kama mvua kubwa, ikabidi nizibe masikio.

"TUNAONDOKA?"

Nikatikisa kichwa kwamba sijui.

"TUMEKAA MIAKA MINNE STOO KWA FUNDI, TUNALALIANA. MAMA YAKO ALITUAMBIA TUTAPANDA JUU. TUNA HAKI YA KUONA MKUNDI KUTOKA JUU."

Bati moja la pembeni, lenye kutu kidogo, likasema peke yake, "Mimi nilinunuliwa siku ulipomaliza darasa la saba. Mama yako alinibeba kichwani mwenyewe."

Katikati ya sebule kuna meza. Baba amekaa, ameshika kalamu. Mbele yake amekaa Leskari, na Leskari ni pasi. Pasi ya umeme, amevaa tai, anatoa mvuke kidogo.

"Hapa chini tu mzee wangu," Leskari anasema. "Jina na sahihi."

Baba anakunja uso. "Hivi betri ikichoka, bei yake?"

Leskari anapanda taratibu kwenye paji la uso la baba. Tsss. Mkunjo unaondoka.

"Na nikipata abiria wa Kilosa, kwenda na kurudi?"

Tsss.

"Na spea zake nani anazo?"

Tsss, tsss, mpaka masikioni. Uso wa baba umenyooka kama shati la sikukuu. Hauna swali hata moja. Anatabasamu. Anaanza kuandika herufi ya kwanza ya jina lake.

Mabati yanaokota mabegi.

Nageuka. Gari jeupe limepaki pembeni yangu, limezima taa zote kasoro moja. "Nina asilimia nne," likasema. "Chukua tatu."

"Wewe utarudije?" nikauliza kwa ishara.

"Kurudi wapi dada? Mimi sina kwangu. Ndiyo shida yenyewe." Likanipa waya. Nikaushika kwenye kiganja, ukawa wa moto kidogo, kama chapati. "Yanatosha maneno matatu. Usianze na salamu."

Mimi ni mtoto niliyelelewa na salamu. Kuanza bila shikamoo ilikuwa ngumu kuliko kitu chochote kwenye ndoto nzima. Nilitafuta maneno matatu kwenye daftari, kichwani, mfukoni. Leskari alinyanyuka kuja kuninyoosha na mimi, nikahisi mvuke shingoni.

"Baba, litalala wapi?"

Pasi ikapoa papo hapo. Mabati yote sitini na mbili yakaweka mabegi chini, kwa mshindo mmoja.

Nikaamka nimekaa kitandani, mdomo wazi.

Baba alikuwa amesimama katikati ya chumba, ameshavaa, funguo za teksi mkononi. Mama alikuwa mlangoni na kikombe cha chai ambacho ilionekana baba amekikataa.

"Nani alale wapi?" baba akauliza. "Unaweweseka, we mtoto?"

Nilikuwa bado na joto kwenye kiganja. "Gari," nikasema.

"Gari gani?"

"La umeme. Litalala wapi?"

Mama alishusha kikombe. Nadhani tangu nizaliwe sijawahi kumuuliza baba swali mara mbili.

"Litalala stendi kama lile," baba akasema.

"Stendi kuna soketi?"

Akafikiri. "Nitakuwa nalileta hapa usiku. Navuta waya dirishani..." Akanyoosha mkono kuonyesha dirisha, na dirisha letu linaangalia geti. Aliliangalia lile geti kama mtu anayeliona leo. Toroli la maji lilikuwa linapita muda huo huo, muuza maji anatukana kwa sababu limekwaruza pande zote mbili.

Nikampa daftari, ukurasa wa mwisho. Baba husoma kwa kufuata kidole, na husoma kwa sauti.

"Gari linataka nyumba yenye luku yake," akasoma. "Nyumba inataka mabati. Tukiuza mabati tutakuwa na gari na hatuna pa kulichajia. Tukipandisha mabati tutakuwa na luku yetu, halafu gari litakuja lenyewe. Uniti za nyumba nzima kwa wiki ni kama arobaini. Mama Tedi atatuua."

Akasoma tena mstari wa mwisho, kimya kimya, midomo inacheza.

"Umeandika lini hii?"

"Jumanne."

"Leo Jumamosi!"

"Ndiyo baba."

"Siku nne unaniangalia tu navyotaka kujitumbukiza!"

"Muache mwanangu," mama akasema. "Mimi hayo nimeyapigia kelele wiki nzima, ukasema nakuroga. Yeye kasema maneno matatu tu, wewe umeshavua viatu."

Kweli alikuwa amevua kimoja. Akakaa kitandani kwangu, simu ikaita. Alikuwa Leskari.

"Hapana kijana, si kwamba silitaki," baba akamwambia. "Gari zuri, nimelipenda, na petroli inanimaliza. Lakini naezeka kwanza. Ukisikia nina luku yangu, njoo hata usiku wa manane." Leskari akaongea. Akaongea sana, sauti laini ilikuwa inatoka kwenye simu mpaka kwangu, na mimi macho sikuyatoa kwenye uso wa baba. Ulibaki na mikunjo yake yote.

"Betri ikichoka bei gani?" baba akauliza. Akasikiliza. "Eeh. Umeona sasa? Wiki nzima hilo sijakuuliza."

Akakata simu, akaomba ile chai. Mama akampa bila kusema kitu, na kwa mama hiyo ndiyo zawadi. Halafu mama akanigeukia. "Na wewe bingwa wa maneno, zamu yako leo kufagia. Jua linatoka hilo."

Nikatoka uani.

Palikuwa pameshafagiwa.

Mama Tedi alikuwa amekaa kwenye kigoda anafunga barafu zake, zote zipo, hakuna iliyovaa taulo. "Ee, Sikudhani, hongera! Leo umewahi kuliko kuku," akasema. "Ila unafagia kwa mtindo gani huo?"

Alama za ufagio zilikuwa nusu duara, moja imepanda juu ya nyingine, kushoto, kulia, kushoto, kulia, mpaka kwenye geti. Ufagio wenyewe ulikuwa umeegemezwa ukutani chini ya luku, mahali ambapo hakuna mtu anauweka.

"Na pale katikati mbona umeruka?"

Nikasogea. Katikati ya uwanja kulikuwa na mabaka manne ambayo ufagio haukuyagusa, kila moja kama sahani ya chai, mawili mbele na mawili nyuma. Vumbi la jana lilikuwepo hapo, na kokwa moja ya ubuyu. Nikapima kwa hatua kutoka la mbele mpaka la nyuma. Hatua tatu na kitu.

"Huo ni uvivu," Mama Tedi akasema. "Yaani mtu anafagia uwanja mzima, anashindwa kusogeza miguu!"

Nilitaka kulitetea gari. Nikafungua mdomo, lakini chaji ilikuwa imeisha. Nikachukua ufagio nikamalizia baka la kwanza, la pili, la tatu. La nne nimeliacha.